Mji wa Droo Elfu Nne

Semboja hajawahi kupoteza mtu. Andika hapo, piga mstari, rudia kwa wino mwekundu: tangu akabidhiwe funguo za Ghala hajapotea mtu hata mmoja, si mzee, si kichanga, wala yule mlevi wa mtaa wa pili ambaye mkewe mwenyewe angefurahi apotee walau Jumamosi tu. Semboja ndiye aliyekuwa akiyasema haya kila asubuhi, kaegemea dirisha la mapokezi kwa kiwiko, kavaa koti lake la kahawia lenye kiraka cha kitenge kwenye mfuko. "Mji mzima uko humu," alikuwa akisema, huku akigonga droo kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti maji. "Na sijapoteza hata kope."

Mimi sikuwepo, ieleweke mapema. Mimi nasimulia tu. Nimesimama zangu hapa nyuma ya nguzo ya ukumbi wa mapokezi, mkono mmoja mfukoni kwa sababu ya baridi, na msimulizi hana droo. Ndiyo raha ya kazi hii. Ya Semboja ni ya Semboja.

Mji wenyewe haukuwa na jina, kwa kuwa jina lingehitaji droo na droo zote zilikuwa zimejaa. Zilikuwa elfu nne, zimepangwa ukutani kutoka mlango wa mashariki hadi mlango wa magharibi, na kila droo ilikuwa nyumba, au karakana, au safari ya mtu aliyekuwa mbali. Mtu alikuwa kadi. Kadi ilibeba uso wako, sauti yako, kovu la goti, uliyempenda na uliyejifanya kumpenda, na ilipokaa kadi ndipo ulipokaa wewe. Kadi ikitolewa isirudishwe, unaanza kupauka: kwanza kivuli, halafu sauti, halafu watu wanakuja kukaa kwenye kiti ulichokalia na kulalamika kwamba kina joto. Mwisho wake hata aliyekuzaa anabaki na herufi mbili tatu za jina lako mdomoni, anazizungusha kama kokwa, hakumbuki ni ya tunda gani.

Kitu kilichozifanya droo ziishi kiliitwa Injini. Usitafute chuma wala moshi. Injini ilikuwa utaratibu, na utaratibu ulikuwa mfupi kiasi kwamba hata Semboja aliukariri siku ya kwanza. Mtu akija dirishani kutaka kadi ihamishwe, unaandika kwanza kwenye Daftari la Mlangoni: kadi fulani, toka droo hii, kwenda droo ile. Ukishaandika unagonga kengele na kusema "Imepokelewa." Ndipo unaibeba kadi. Kwa nini daftari kwanza? Kwa sababu ukidondoka ngazini na kadi mkononi, atakayekuja nyuma yako atasoma daftari na kumalizia ulipoishia. Kengele ilikuwa kiapo. Mtu akisikia kengele, anakwenda kulala.

Mzee Hiza ndiye aliyemfundisha Semboja haya yote, miaka ile Semboja alipotoka shule na cheti chake kimekunjwa mara nne. Hiza alikuwa mwembamba, mpole, na alikuwa na kofia moja ambayo hakuivua hata akinawa uso.

"Kijana, andika kwanza."

"Mzee Hiza, foleni imefika barabarani. Nikiandika kila kitu kwanza, wa mwisho atafika dirishani ameota mvi."

"Ataota mvi akiwa yupo."

Semboja akacheka. Yeye alikuwa amegundua njia ya mkato: unagonga kengele kwanza, kadi unaitia mfukoni, unaandika ukipata nafasi. Foleni iliyokuwa ikimaliza asubuhi nzima sasa ilikwisha kabla chai haijapoa. Watu wakamsifu. Hakuna aliyeuliza zile kadi zilikuwa wapi kati ya kengele na droo, maana nani huuliza swali akiwa ameshapewa jibu?

Kulikuwa pia na nakala. Kila baada ya muda mafundi walinakili droo zote, kadi kwa kadi, wakapeleka nakala hizo kwa mkokoteni hadi Ghala Pacha, upande wa pili wa kilima, ili siku Ghala likipatwa na lolote mji usiende nalo. Ghala Pacha lilikuwa na nakala saba. Hakuna hata moja iliyowahi kufunguliwa. "Ya nini?" alikuwa akisema Semboja. "Nani huingia kwenye jeneza kujaribu kama linamtosha?"

Siku ya nakala ya nane alianza alfajiri, droo ya kwanza, mlango wa mashariki. Hiza alimfuata na kikombe mkononi.

"Umefunga dirisha?"

"La nini?"

"Watu watakuja kuhama wakati wewe unanakili."

"Waje. Mji haufungwi kama duka la mkaa, mzee."

"Basi chukua na Daftari la Mlangoni, liende na nakala. Likiwepo, yatakayobadilika leo yatajulikana."

"Lile furushi? Limejaa matone ya chai. Kila kilichomo kitaishia kwenye droo, mzee wangu. Nani anabeba maganda wakati ana machungwa?"

Hiza akaenda kufungasha vitu vyake. Ilikuwa siku yake ya mwisho kazini. Mchana kadi yake ingetoka droo ya mia sita na kumi na mbili, mtaa wa mafundi, na kwenda droo ya elfu tatu na mia tano, mtaa wa wastaafu.

Hapa nisimame kidogo, maana hapa ndipo ninapopapenda na kupaogopa. Semboja alikuwa anatembea. Droo ya kwanza aliinakili kuna umande; ya elfu nne angeifikia jua likizama. Kati ya hapo mji ulikuwa unaendelea na mambo yake: watu wanaoana, wanagombana, wanahama. Sasa nakala ile ni ya saa ngapi? Si ya asubuhi, kwa sababu mwisho wake ni jioni. Si ya jioni, kwa sababu mwanzo wake una umande. Ni nakala ya siku ambayo haikuwahi kuwepo katika mji wowote, siku yenye kichwa cha saa hii na miguu ya saa nyingine. Ukinakili kitu kinachotembea, ulichonakili ni matembezi yako mwenyewe. Na Semboja, pamoja na ucheshi wake wote, alikuwa akinakili matembezi yake na kuyaita mji.

Alikuwa kwenye droo ya mia tisa Bi Somoe alipogonga dirishani.

Bi Somoe alikuwa mwanamke wa makamo, mshonaji, mwenye macho yanayopima mtu mabega bila kukusudia. Alikuwa akiishi kwa mama yake, droo ya elfu mbili mia mbili na nane. Mumewe, Mbaruku, alikuwa safarini mwaka wa tisa, kadi yake ikikaa droo ya elfu tatu mia moja na kumi na mbili pamoja na wasafiri wote. Sasa alikuwa anarudi. Nyumba yao ilikuwa droo ya arobaini na saba, imefungwa kufuli tangu alipoondoka, na kwa desturi ya mji ule nyumba iliyofungwa hufunguliwa na aliyeifunga. Mume atangulie, mke afuate.

"Fundi, naomba umhamishe mume wangu leo. Barua imesema yuko njiani."

"Miaka tisa, dada! Una hakika bado anaijua njia?"

"Anaijua. Wewe andika tu."

"Naandika, naandika." Semboja akapanda ngazi, akavuta droo ya elfu tatu mia moja na kumi na mbili, akatoa kadi ya Mbaruku. Akashuka. Akagonga kengele, ngaa! "Imepokelewa!" Akaitia kadi mfukoni, mfuko ule wenye kiraka cha kitenge chenye picha za jicho la ndege.

Bi Somoe aliutazama mfuko. "Hujaandika."

"Kengele umeisikia?"

"Nimeisikia."

"Basi."

Akaondoka polepole, akigeuka mara mbili. Semboja akarudi kwenye nakala yake. Droo ya arobaini na saba alikuwa ameshaipita alfajiri, na ilikuwa tupu. Ile ya wasafiri angeifikia alasiri, nayo Mbaruku hangekuwemo tena. Haikumpitia akilini. Alipofika droo ya elfu moja na sita alikuta kadi yake mwenyewe, akacheka, akainakili kwa mbwembwe zote: uso, meno, koti, kiraka, mpaka kilichokuwa ndani ya mfuko. Mtu akijinakili mwenyewe haachi kitu.

Yaliyofuata siku hiyo nayapata kwa kusikia tu. Inasemekana adhuhuri ililetwa barua: Semboja amekuwa Fundi Mkuu, kadi yake ihamie droo ya elfu tatu mia tisa tisini na tisa, karibu kabisa na mlango wa magharibi. Inasemekana alipewa koti jipya jeusi, la zamani akalitundika msumarini palepale, na kwa furaha akasahau kilichokuwa mfukoni. Alipofika mwisho wa ukuta jioni, akajikuta tena, akajinakili tena, safari hii akiwa mkuu. Mkokoteni ukavuka kilima.

Kesho yake, saa nne asubuhi, jua limewaka na foleni imejaa, mtu mmoja alivuta droo na kubaki na kipini mkononi.

Kipini tu. Nyuma yake palikuwa na ngozi ya rangi, nyembamba kama ganda la yai, na nyuma ya ngozi hapakuwa na kitu. Akaigusa ya pili, ikaporomoka kama unga. Mchwa. Walikuwa wamekula ukuta kwa nyuma siku nyingi, na usiku ule mmoja wakamalizia mbao na kadi na daftari, wakaacha rangi imesimama vizuri, kila droo na namba yake, mji mzima ukiwa ni rangi iliyosimama. Nani angejua? Kila asubuhi Semboja alikuwa akizigonga kwa kidole, na zilikuwa zikiitika.

Basi yowe lililopigwa lilianza kwa sauti mia tatu na kuishia kwa sauti thelathini, kwa sababu watu walikuwa wanapauka huku wakipiga. Sokoni ndoo zilibaki zinaning'inia hewani kwa muda kabla hazijakumbuka kuanguka. Mwanamke mmoja alikuwa anamsuka mwenzake. Mikono ikaendelea kusuka, kichwa hakipo. Semboja, amebaki nusu, alipiga mbio kuvuka kilima akisema neno moja tu, "Nakala, nakala, nakala," na miguu yake ilifika kabla yake.

Yeye na wengine waliobaki nusu wakaifungua nakala ya nane. Wakapanga droo mpya. Mji ukaamka.

Loo.

Mtaa wa droo ya kwanza uliamka alfajiri, na umande. Mtaa wa katikati uliamka mchana kweupe. Mlango wa magharibi ulikuwa na jua linalozama, jekundu, halishuki wala halipandi. Majua mawili matatu, kila moja na mtaa wake. Ukitembea toka nyumbani kwako kwenda kwa shangazi unatoka asubuhi unafika jioni kwa hatua mia, na shangazi anakuuliza jana ulikuwa wapi. Watu walisimama kwenye mipaka ya mitaa, mguu mmoja kwenye umande na mwingine kwenye vumbi la jioni, midomo wazi. Palikuwa na arusi yenye bwana harusi tu: yeye alinakiliwa baada ya ndoa, bibi harusi kabla. "Wewe ni nani?" aliulizwa mlangoni. Kijana wa watu akalia mbele ya mashemeji ambao bado hawajawa mashemeji.

Na Mzee Hiza alikuwa wawili.

Hiza wa droo ya mia sita na kumi na mbili, mwenye kikombe, na Hiza wa droo ya elfu tatu na mia tano, aliyestaafu. Walikutana ukumbini. Wakatazamana. Wote wakavua kofia kwa mara ya kwanza maishani.

"Kumbe nina upara," akasema wa kwanza.

"Na mimi ndiyo naona sasa," akasema wa pili.

Wakakaa kwenye benchi moja, wakamwambia kila apitaye kwamba wao walisema tangu mwanzo.

Fundi Mkuu Semboja alipanda juu ya meza na koti lake jeusi. Sauti ilikuwa inamtetemeka, lakini ilikuwa sauti. "Wananchi! Mji umeokoka. Kasoro ni ndogondogo. Nitagonga kengele mara tatu. Kabla ya kengele ya tatu, kila mmoja awe kwenye droo yake. Aliyejirudia, kadi ya zamani inachanwa, inabaki mpya. Asiyekuwemo, kwa kweli, hakuwemo."

"Na wewe je?" akauliza Hiza mstaafu. "Ulihama siku ileile. Uko wangapi?"

"Mimi? Mmoja. Nimejihesabu."

Akagonga ya kwanza.

Unaona jinsi mtu anavyoweza kudanganya bila kupepesa? Mimi naona. Nikiwa huku nyuma ya nguzo naona vizuri sana jinsi anavyokuna sikio la kushoto akidanganya, na naona kwamba hata mimi sikio linaniwasha, lakini hiyo ni baridi. Niulize badala yake swali la maana: aliyejirudia, yupi ni yeye? Wa asubuhi hajatenda alichotenda wa jioni. Wa jioni amesahau alichokuwa nacho wa asubuhi, au anajifanya. Akichanwa mmoja, nani ameuawa, na kwa kosa gani, la kuwahi? Mtu anaweza kukimbilia wapi akijua yeye ndiye wa zamani? Labda mahali pasipo na droo. Labda kwenye kusimulia.

Bi Somoe aliingia kwenye ukumbi mbio, nywele upande mmoja. Alikuwa ametoka droo ya arobaini na saba. Kufuli lilikuwa palepale, na umande juu yake. Alikwenda droo ya wasafiri akavuta, akapekua, akarudi. Kadi yake yeye ilinakiliwa mchana, kwa hiyo kengele alikuwa nayo kichwani, na mfuko alikuwa nao. Kisichokuwepo ni mume.

"Fundi. Mume wangu yuko wapi?"

"Jina lake?"

Akafungua mdomo. Uso ukasawijika. "Mba," akasema. "Mba... Mba..." Akajishika koo kwa mikono miwili kana kwamba jina liko humo linashuka. "Mungu wangu. Lilikuwepo hapa nikiwa barabarani."

"Dada, pole," akasema Fundi Mkuu, na sikio akalikuna. "Hitilafu ya kunakili. Alitoka huku hajafika kule. Nilikuwa nimeshapita droo ya arobaini na saba. Hakuna wa kulaumiwa, ni hesabu tu."

"Uligonga kengele."

"Kengele niligonga."

"Daftari liko wapi? Lisome, lirudie. Si ndiyo kazi yake?"

Mahiza wawili wakainamisha vichwa pamoja. Semboja akatazama dari. Akagonga kengele ya pili.

Bi Somoe hakulia. Mshonaji hapotezi muda kulia wakati kitambaa kinachanika. Alisimama katikati ya ukumbi na kuanza kuwatazama watu, mmoja mmoja, mabega, kola, mikono, kama anayetafuta pindo alilolishona mwenyewe. "Halikuwa jeusi," akasema. "Lile koti. Lilikuwa la kahawia. Lina kiraka cha kitenge, jicho la ndege, kimeshonwa na mtu asiyejua kushona. Kadi iliingia mle mbele ya macho yangu."

"Koti lile limeliwa na mchwa," akasema Fundi Mkuu haraka mno.

"La kwako limeliwa."

Akaja upande huu. Sina la kusema hapa, ni kwamba tu mwanamke alikuwa anakuja upande huu. Msomaji, sogea kidogo tumpishe. Semboja, yaani yule mkuu, alibaki mezani amepigwa na butwaa, na ukumbi mzima ukageuka kutazama nguzo ambayo nyuma yake hakuna kitu, ni simulizi tu, ni sauti, mtu wa kupita anayehadithia mambo ya mtu mwingine. Na baridi ilikuwa kali. Na mkono wangu ulikuwa mfukoni tangu mwanzo, nimeshasema.

Akanishika kifundo cha mkono, akauvuta mkono nje, polepole, kama anavyotoa pini kwenye nguo. Kadi ikatoka nao. Ilikuwa imelowa jasho, pembe moja imeviringika, jina limefifia nusu.

"Mbaruku," akasoma. Akashika nguzo, akalisema tena. "Mbaruku. Mbaruku."

"Nilikuwa nataka kuiweka," nikasema. "Haki ya Mungu, dada. Nilikuwa nasubiri nafasi. Nikitokea nachanwa, si umemsikia? Nikasema nitaiweka baadaye."

"Baadaye," akasema Hiza wa kwanza.

"Ndiye huyo," akasema Hiza wa pili.

Mezani, mwenzangu mwenye koti jeusi alikuwa ameinua nyundo ya kengele na kusahau kuishusha. Tulitazamana. Tulikuwa na hofu moja, tumegawana.

Mahiza wakaleta daftari jipya, halina hata tone la chai, wakaliweka juu ya benchi. Mmoja akanipa kalamu, mwingine akashika taa. Bi Somoe aliibana kadi kifuani, hakunipa.

"Andika kwanza," akasema.

Nikaandika. Kadi ya Mbaruku, toka droo ya elfu tatu mia moja na kumi na mbili, kwenda droo ya arobaini na saba. Imecheleweshwa mfukoni. Aliyeichelewesha.

Hapo kalamu ikasimama. Majua yote yalikuwa yamesimama, kila moja juu ya mtaa wake. Nikajaribu kucheka kidogo, nikamwambia kwamba mimi ni msimulizi tu, kwamba siku ile dirishani mimi sikuwepo.

Bi Somoe akaweka kidole pale palipobaki peupe.

"Mimi nilikuwepo," akasema. "Andika."